Kumbukumbu ya Majitu Manane

Ilikuwepo, na kwa bahati mbaya ipo hadi leo, nchi moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu hata wananchi wake hulitaja kwa kunong'ona. Ni nchi nzuri. Ina bendera ambayo rangi zake ni nyingi kuliko barabara za lami, ina wimbo wa taifa mrefu wa kuvimbisha miguu, na ina kiongozi aitwaye Mlezi wa Taifa, aliyeanza kulilea taifa hilo likiwa changa na mpaka sasa hajaridhika kwamba limekua.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Shaweji, Msanifu Mkuu wa Lugha ya Serikali. Kazi yake ilikuwa kusoma kila barua ya serikali kabla haijatoka, kukamata kila neno la kigeni lililojipenyeza, kulitupa nje na kuweka la nyumbani mahali pake. Sheria iliyompa kazi hiyo ilikuwa kali. Mtumishi aliyetamka neno la kigeni ofisini alifukuzwa kazi, na aliyelirudia alifungwa. Na hakuna neno la kigeni lililoruhusiwa kuingia katika taarifa yoyote ya taifa, hata kama ni taarifa ya mvua. Sheria hiyo aliiandika Shaweji mwenyewe, na siku ilipopita bungeni alijinunulia soda akainywa peke yake, huku akijiona mtu mkubwa.

Neno moja tu lilisamehewa, nalo ni kompyuta. Shaweji alikuwa amelitafutia mbadala, tena amelipata, lakini Mlezi wa Taifa akawahi kulitamka kwenye hotuba. Neno likishapita katika kinywa kile huhesabiwa limezaliwa nchini, hata kama limeshuka na meli jana.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja kwa nchi nzima. Ilikaa ghorofa ya chini, Ofisi ya Vizazi na Vifo, chini ya miguu ya Shaweji kabisa. Kwa mujibu wa sheria, hakuna mtoto aliyezaliwa wala mtu mzima aliyekufa mpaka kompyuta ikubali. Ikikubali mtoto, inatoa cheti. Ikikubali maiti, inatoa kibali cha mazishi, na bila kibali hicho hospitali haimtoi mtu, na makaburini hawampokei.

Taabu ni kwamba mashine ile ilikuwa goigoi. Kila asubuhi ikiwashwa ilipaswa kwanza kupiga wimbo wa taifa, beti zote. Kisha uso wa Mlezi wa Taifa ujitokeze polepole ukitabasamu. Kisha nyuso za mawaziri, mmoja mmoja, kwa kufuata vyeo. Mpaka ifike kwenye kazi ilikuwa imechoka hoi, na ukifungua vizazi, vifo vinaganda. Ukifungua vifo, vizazi vinapotea. Serikali ikatatua tatizo hilo kwa busara yake ya kawaida: ikatangaza kwamba asubuhi ni ya kuzaliwa na alasiri ni ya kufa, na waliokufa asubuhi wakasemwa redioni kwa kukosa nidhamu.

*

Aliyekaa na mashine ile siku nzima alikuwa karani mmoja mwanamke wa makamo, Bi Siwatu, mtu mkavu wa maneno. Siku moja alipanda ngazi na barua yake, akaiweka mbele ya Shaweji. Barua ilikuwa fupi: Ofisi inaomba ramu ya giga nane.

Shaweji alishika kalamu nyekundu kama mtu anayeshika fimbo akimwona nyoka.

"Neno hili la kwanza ni nini?"

"Ni meza ya kompyuta, mkuu," alisema Bi Siwatu. "Kabati tunalo, kubwa tu, limebeba wazima na wafu wote wa nchi hii. Lakini meza ya kufanyia kazi ni ndogo mno. Nikiweka faili la mtoto, la maiti linaanguka chini."

"Na hili la pili, lenye nane?"

"Upana wa meza. Yetu ni moja, inatosha kupiga wimbo wa taifa na kupumzika. Ukiwa na nne, utaandika barua na kusoma barua, basi. Kumi na sita waachie wanaotengeneza filamu. Sisi kwa matumizi yetu ya kila siku nane inatosha, na ikipatikana, mtu anaweza kuzaliwa na mwenzake akafa saa hiyo hiyo bila ugomvi."

"Ni kitu kikubwa?"

"Kinaingia mfukoni. Madukani kimejaa tele, mtu anakwenda kwa miguu na kurudi nacho."

Ukweli ni kwamba Shaweji hakusikiliza habari ya meza wala kabati. Alikuwa amekutana na maneno mawili ya kigeni kabla hajamaliza chai, na roho yake ilikuwa inacheka. Ramu haikumpa shida; aliikata na juu yake akaandika kumbukumbu. Giga ilimfikisha kwenye vitabu vinene vya kabatini. Akafunua, akafuatilia asili yake mpaka kwa watu wa kale wa ng'ambo, akagundua kwamba kwao shina la neno lile lilikuwa na maana ya jitu. Basi akaandika jitu. Akainyoosha barua, akaisoma kwa sauti akijisikiliza:

"Ofisi inaomba kumbukumbu ya kompyuta, ya majitu manane, itakayofaa kwa matumizi ya kila siku."

Bi Siwatu aliitazama barua. "Mkuu, watu wataielewa hii kweli?"

"Bi Siwatu, lugha yetu haijawahi kushindwa."

"Lugha sina wasiwasi nayo," alisema Bi Siwatu, akachukua barua yake akashuka.

*

Masjala waliiona barua, wakaona neno kumbukumbu, na bila kujisumbua kusoma lililofuata wakaipeleka Wizara ya Kumbukumbu na Maadhimisho. Hii ndiyo wizara inayotunza minara, kupanga dakika za kunyamaza na kulia kwa niaba ya serikali. Waziri wake, Mheshimiwa Mangosongo, alikuwa na kitambi cha heshima na shahada tatu za heshima, na kwa muda mrefu alikuwa hana raha. Nchi haikuwa imefiwa na shujaa yeyote siku nyingi. Mashujaa waliobaki walikuwa wamekimbilia nje, na huko walikuwa na afya njema. Waziri alianza kuogopa kwamba wizara yake itafutwa.

Alipoisoma barua ile, machozi yalimtoka.

"Imekufa lini?" aliuliza.

Katibu wake aliipindua barua kutazama nyuma. "Haikusema, Mheshimiwa. Lakini hakuna mtu anayeomba kumbukumbu ya mzima."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na hakuna aliyeipinga. Kikao kikaitishwa siku hiyo hiyo ili kuchagua kumbukumbu inayofaa. Wapo waliotaka kumbukumbu ndogo, kibao tu cha shaba ukutani. Waziri aliwatazama kwa masikitiko. Akasimama, akafunga kifungo cha koti ambacho kwa miaka kadhaa hakikuwa kikifungika, akanena:

"Waheshimiwa, taifa hupimwa kwa ukubwa wa kumbukumbu yake. Mataifa yenye kumbukumbu ndogo yako wapi leo? Mimi sijui yako wapi, na hiyo ndiyo hoja yangu. Marehemu alitutumikia bila kuomba likizo. Alitupigia wimbo wa taifa kila asubuhi wakati baadhi yetu humu tumelala. Ofisi yake imeomba majitu manane. Nani kati yenu ana moyo wa kusema saba?"

Hakuna aliyekuwa na moyo huo. Ikapitishwa kwamba zitachongwa sanamu nane za majitu, na kwa kuwa barua ilitaka matumizi ya kila siku, kila siku adhuhuri taifa zima litasimama na kuinamisha kichwa, pamoja na madaktari walioko katikati ya upasuaji.

Likabaki swali la majitu yenyewe ni nani. Hapo mawaziri walikaribia kushikana mashati. Wa Kilimo alijipendekeza kwa urefu wake. Wa Fedha alisema ujitu si urefu, ni upana. Wa Michezo alikuja na picha zake za ujanani akiwa kifua wazi. Habari ilipomfikia Mlezi wa Taifa alisikitika kuona viongozi wakigombea vitu vidogo, akaumaliza mgogoro kwa kukubali kuwa majitu yote manane yeye mwenyewe: kijana, mpiganaji, msomi, mkulima, baba, babu, mwenye fikra na mwenye tabasamu. Mchongaji akaitwa Ikulu, na Mlezi wa Taifa akaanza kusimama mbele yake kila baada ya chakula.

*

Maiti haiwezi kuachwa kazini. Wanajeshi wakaja Ofisi ya Vizazi na Vifo na machela, nyuso zimekunjamana kwa huzuni ya kuamriwa.

"Mbona inafanya kazi?" aliuliza Bi Siwatu. Na kweli, ndiyo kwanza ilikuwa imefika kwenye ubeti wa mwisho wa wimbo wa taifa.

"Mama, wapo marehemu wengi wanaochezacheza kidogo," alisema afisa wao.

Walisimama wima mpaka wimbo ukaisha, wakapiga saluti, kisha wakang'oa waya ukutani. Nadhani hapo ndipo ilipokufa. Wakailaza kwenye machela, wakaifunika bendera, wakaipeleka Ukumbi wa Taifa wananchi wakatoe heshima za mwisho.

Shaweji aliyaona yote hayo kutoka dirishani kwake, na si kwamba hakuelewa. Alielewa palepale, tangu kichwa mpaka mkia. Angeweza kushuka ngazi. Angeweza kupaza sauti kutoka dirishani. Lakini kueleza kosa kulihitaji kulitamka lile neno alilolikata, na adhabu ya kulitamka alikuwa ameiweka yeye. Akajiambia mambo yatajirekebisha yenyewe. Akarudi mezani akaendelea kusahihisha barua ya Idara ya Mifugo.

Kesho yake baba yake akafariki.

Mzee Mtondoo alikuwa fundi magodoro. Maisha yake yote alikaa barazani akichambua sufi na kushindilia magodoro ya watu, pamba zimemjaa kwenye ndevu, huku akimwaga maneno. Kila neno zuri alilolitumia Shaweji kazini, pamoja na yale yaliyompa cheo, aliliokota chini pale barazani katikati ya manyoya ya sufi. Mzee alifia hospitali kuu, alasiri, saa halali kabisa ya kufa. Dada yake Shaweji, Mwanakombo, aliyemuuguza, alipiga simu na kusema kwa sauti ya kuchoka: "Baba ametutoka. Fanya haraka ya kibali, mdogo wangu. Tumzike leo, au ikishindikana kabisa, kesho asubuhi."

Kwao maiti hailazwi. Mtu akifa anaoshwa, anavikwa sanda, anaswaliwa na kuzikwa, na kumweka kwenye friji siku baada ya siku ni fedheha kwa aliye hai na mateso kwa aliyekufa. Hilo Shaweji alilijua, na alishuka ngazi mbio. Bi Siwatu alikuwa amekaa mbele ya meza tupu, mikono mapajani.

"Pole kwa msiba," alisema, na alimaanisha. "Lakini unaona mwenyewe. Kibali kimeondoka na machela."

Hospitalini walikuwa na adabu sana. Daktari alikiri kwamba kwa macho yake Mzee Mtondoo amekufa, lakini macho yake si kompyuta, na kwa mujibu wa sheria mgonjwa anaendelea vizuri. Alibaki katika orodha ya wodi, ila kwa sababu za kiafya walimhifadhi kwenye friji. Na kwa kuwa ni mgonjwa, kila asubuhi mhudumu alimpelekea uji, akaugonga mlango wa friji, akausubiri uji upoe, kisha akaandika kwamba amekula.

Mwanakombo alilala kwenye benchi la hospitali akiusikia ule mlango ukigongwa. Hakulia mbele ya watu. Aliuma kanga yake.

*

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niwachoke watu wa serikali. Katika nchi ile mwenye kuomba kumbukumbu ya marehemu ndiye mfiwa. Barua ya kompyuta ilikuwa na mkono wa Shaweji. Basi Shaweji akaandikwa mfiwa wa taifa. Nyumbani kwake walikuja wakuu wa idara na mikeka yao, wakakaa, wakamshika mkono na kumpa pole kwa kumpoteza kompyuta. Mwajiri akampa likizo ya msiba. Alipojaribu kusema kwamba amefiwa na baba, walitazamana kwa aibu, na mmoja akamnong'oneza kwamba majonzi huwafanya watu waseme mengi, anywe maji.

Alikwenda kumwona Waziri. Alikuwa amejiandaa, njiani alilifanyia mazoezi lile neno kimoyomoyo.

"Mheshimiwa, katika barua ile pana kosa. Hapakutakiwa mnara wala sanamu. Kilichotakiwa ni kidude."

"Kidude gani?"

"Kidogo tu. Kinaingia mfukoni."

Waziri Mangosongo aliweka chini kikombe chake. "Bwana Shaweji, Mlezi wa Taifa amesimama mbele ya mchongaji mpaka magoti yamevimba. Amefika jitu la tano. Unataka niende Ikulu nikamwambie kwamba amesimama vile kwa ajili ya kitu cha kutia mfukoni?"

Shaweji alilihisi neno likiwa tayari ulimini. Lilikuwa neno fupi, la silabi mbili. Akalimeza.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Nilijua hutaki. Ni uchungu tu." Waziri akavuta droo. "Halafu nina jambo lako. Marehemu hawezi kupewa kumbukumbu kabla hajazikwa, si desturi. Atazikwa kesho. Sheria inataka kibali, na mtoa kibali ndiye marehemu. Baraza limekaa, limeumia kichwa, limeamua kwamba kwa heshima yake, safari hii tu, kibali kiandikwe kwa mkono. Hiki hapa, mfiwa ndiye anayekishika. Na kwa itifaki wewe ndiye unayechagua makaburi."

Shaweji alikisoma. Marehemu: Kompyuta. Sababu ya kifo: utumishi uliotukuka. Chini yake muhuri mkubwa.

"Kumbe kibali kinaweza kuandikwa kwa mkono," alisema polepole.

"Kwa marehemu wa kitaifa."

"Na baba yangu, Mheshimiwa?"

"Baba yako namfuatilia," alisema Waziri kwa upole. "Nimeletewa taarifa ya hospitali leo asubuhi. Amekula uji."

*

Shaweji alimkuta dada yake kwenye benchi lake, akampa kile kibali. Mwanakombo alikisoma, akakirudia. Mlango wa friji ulikuwa mbele yao.

"Hapa pamejazwa Kompyuta."

"Ndiyo."

"Na muhuri ni wa kweli?"

"Wa kweli, dada."

Mwanakombo alikikunja kibali, akasema, "Baba ameitwa majina mabaya zaidi na wateja wake, godoro likichelewa. Inuka." Halafu akamshika mkono. "Lakini nisikilize. Akishashushwa kaburini utamtaja kwa jina lake, kwa sauti, watu wasikie kwamba tumemzika Mtondoo, si kitu kingine. Sitaki azikwe kama mtu aliyeokotwa. Nipe neno lako."

"Nimekupa," alisema Shaweji, na wakati ule alikusudia kweli.

Mhudumu wa friji alikisoma kibali, akamtazama maiti, akakitazama kibali tena.

"Huyu ndiye Kompyuta?"

"Ndiye," alisema Mwanakombo.

"Poleni. Nilikuwa nikimsikia tu redioni." Akapiga muhuri wake, akasaidia kumtoa.

Asubuhi walimwosha, wakamvika sanda, wazee wa mtaa wakamswalia haraka, na jeneza likabebwa mpaka makaburi ya ukoo, ambayo Shaweji alikuwa ameyataja wizarani. Walidhani watamaliza kabla serikali haijaamka. Lakini itifaki huamka mapema siku ya kula biriani. Walipofika, msafara wa Waziri ulikuwa umekwisha kufika, na bendi, na redio ya taifa, na wanafunzi waliofungiwa shule ili waje kulia.

Waziri Mangosongo alikuwa anatoka jasho. Alikuwa na siri yake asubuhi ile. Kompyuta haikuwepo tena Ukumbi wa Taifa. Alikuwa ameipeleka nyumbani kwake kwa gari la wizara, wajukuu wachezee karata, na alikuja mazishini bila cha kuzika, akiwa na hotuba tu. Alipoona jeneza linakuja mabegani mwa watu, tena linawaelemea, alishukuru Mungu waziwazi. Hakuuliza chochote. Msaidizi wake ndiye aliyenong'ona kwamba marehemu anaonekana mrefu.

"Za zamani zilikuwa ndefu," alisema Waziri, akamkanyaga mguu.

Mzee Mtondoo akashushwa kaburini kwa mizinga na bendi, bendera ya taifa ikikunjwa juu yake, naye maishani mwake alikuwa amewahi kushona moja tu kuwa foronya. Waziri akahutubia. Alisema marehemu hakuwahi kusahau, ila kuganda. Alisema juu ya kaburi hili yatasimama majitu manane, na watoto wa watoto wetu watauliza ni nani aliyelala hapa, na sisi tutawajibu. Wanafunzi wakalia kwa ishara ya mwalimu.

Kisha karani wa itifaki akasogea na kipaza sauti na karatasi ya taarifa ya taifa. "Mfiwa, ututajie jina la marehemu, liingie katika taarifa na nchi nzima isikie."

Desturi ya kwao wanawake hawafiki kaburini. Siku hiyo Mwanakombo alikuwa amesimama nje ya ukuta mfupi wa makaburi, mikono juu ya mawe, akimtazama ndugu yake. Shaweji alimwona. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Kompyuta," alisema.

Karani akaandika. Watu wakaitikia. Ndipo sauti ikatoka ukutani, haikuwa kubwa, lakini makaburini sauti husikika.

"Anaitwa Mtondoo. Mtondoo bin Makungu, fundi magodoro."

Waziri aligeuka. Karani, mtu makini ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila linalosemwa, alikuwa amekwisha kuliandika. Sasa aliinua kalamu, akakunja uso.

"Mtondoo," alisoma. "Samahani, Bwana Msanifu. Neno hili sijawahi kukutana nalo katika karatasi za serikali. Ni la nchini au la kigeni? Likiwa la nchini, nitauliza linamhusu nani hapa. Likiwa la kigeni, nalifuta tu."

Watu wote wakamtazama Shaweji. Kwa jambo hilo hakuna mwingine nchini aliyeruhusiwa kujibu.

Mtondoo ni mti, na uliota nchi ile kabla nchi haijapata bendera. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwonyesha mwanawe, alipokuwa mdogo, akamwokotesha kokwa zake, akamwambia, hili ndilo jina letu. Hakuna neno la nyumbani zaidi kuliko hilo katika lugha yote aliyolipwa kuilinda. Lakini akisema ni la nchini, basi ni jina la mtu, na mtu aliyezikwa kwa kibali cha mwingine hufukuliwa, na baba yake angerudi jioni ile kwenye friji na uji wake. Wapo wanaosema alilifikiria hilo. Wapo wanaosema aliogopa tu, kama alivyoogopa dirishani na kwa Waziri, na mimi nawaamini hawa zaidi. Mwanakombo hakupepesa macho.

"La kigeni," alisema Shaweji.

Karani akalikata kwa mstari mmoja, na wale wenye majembe wakaanza kufukia.